"Ziba": Kuziba Nini?

Mfasiri wa maelekezo ya viyoyozi akiandika "ziba njia ya hewa", fundi wa Kariakoo atamwelewaje? Kitenzi ziba kina pande mbili. Tukisema "ziba ufa", twakusudia kuondoa kasoro. Tukisema "bomba limeziba", twalalamika kwamba kitu hakipiti. Hivyo amri hiyo yaweza kumfanya fundi aifunge njia ile ile aliyotakiwa kuitengeneza.

Kosa hili si dogo katika mji wa pwani kama Dar es Salaam. Hewa baridi ikivuja penye kiungo, hupoza vitu vilivyo karibu. Mvuke uliomo katika hewa ya joto hugeuka matone, dari ikaloa, kuvu ikaota.

Kasoro haimo katika kitenzi, bali katika yambwa. Na iandikwe: "ziba panapovuja katika njia ya hewa".

Jina Kariakoo lenyewe, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, liliumbwa na vinywa vya watu. Basi kabla istilahi haijapigwa muhuri, na isomwe kwanza mbele ya fundi.