Kushikwa na Kushikamana: Mahabusu na Umma katika Tamthilia ya Kigogo

Kiswahili kimezaa maneno mawili kutokana na mzizi mmoja, na maneno hayo hukutana mlangoni pa kituo cha polisi. Mtu aliyekamatwa na askari husemwa kuwa ameshikwa. Wenzake wasipokubali kumwacha peke yake, husemwa kuwa wameshikamana naye. Mzizi ni ule ule, shik-. Kilichobadilika ni mnyambuliko. Anayeshikwa ni mtendwa: mkono wa mwingine umemfikia, naye hana la kufanya. Katika kushikamana, viambishi viwili vimefuatana: -am-, chenye kuonyesha hali ya kudumu, na -an-, chenye kuonyesha kwamba tendo ni la pande mbili. Basi anayeshikamana na mwenziwe hamshiki mara moja akamwachia. Hukaa ameshika, na wakati huo huo hukaa ameshikwa.

Tumeanza na sarufi kwa sababu uhakiki wetu wa fasihi ya upinzani umeielewa kauli ya kwanza kuliko ya pili. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Alamin Mazrui naye aliwekwa kizuizini, na mwaka 1988 tukapata Chembe cha Moyo. Diwani hizi mbili zimemzoeza mhakiki kuisikiliza sauti moja itokayo katika chumba kimoja, na ni haki aisikilize. Lakini tamthilia ni utanzu wa watu wengi. Jukwaa lina nafasi ya aliye ndani na pia ya walio nje, kwa hiyo tamthilia haina budi kuulizwa swali ambalo shairi la mfungwa halilazimiki kulijibu: mwenzao akiisha kushikwa, walio nje wanafanya nini? Ndilo swali tutakaloliuliza juu ya Kigogo ya Pauline Kea.

Kabla ya kuifikia tamthilia yenyewe, yafaa tutazame jinsi historia ya nchi hii ilivyolijibu swali hilo. Harry Thuku, aliyepinga kipande, kupunguzwa kwa mishahara na kazi za kulazimishwa, alikamatwa mjini Nairobi tarehe 14 Machi 1922. Watu walikusanyika nje ya kituo alimozuiliwa, wakakataa kuondoka. Tarehe 16, wanaume walipoanza kusita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakabili kwa maneno na kwa kitendo cha kuwaaibisha, akawasukuma mbele. Askari walifyatua risasi. Nyanjiru aliuawa, na serikali ya kikoloni yenyewe ilikiri vifo zaidi ya 20. Miaka 70 baadaye, mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kufunga kula katika Bustani ya Uhuru, wakidai wana wao waachiliwe. Polisi walipowashambulia tarehe 3 Machi, baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari. Wangari Maathai, aliyekuwa pamoja nao, alipigwa hata akapoteza fahamu. Akina mama hawakutawanyika. Walihamia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakaendelea na mgomo wao huko.

Jambo hilo lilijirudia kwa sura mpya mwaka 2025. Mwezi Juni, mwalimu mmoja kijana alifariki akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha yasiyopatana na maelezo hayo. Waliojitokeza barabarani kuulaani ukatili wa polisi walikamatwa nao, na baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni baadhi yao wakashtakiwa kwa makosa ya ugaidi. Ndipo kazi isiyo na shangwe ilipoanza. Jamaa walizunguka kutoka kituo hadi kituo wakitafuta majina. Mawakili walijitolea kuwatetea watu wasiowajua. Wananchi walichanga fedha za dhamana na za matibabu kwa simu, shilingi chache chache.

Mifano hii mitatu inatufunza jambo moja. Nguvu ya korokoro haimo katika kuta zake tu, bali katika kumtenga mtu. Mtawala anataka kesi ya mwandamanaji igeuke kuwa msiba wa nyumba moja: mama alie peke yake, mke ahangaike peke yake, na jirani afunge mlango wake. Nyanjiru na wenzake waliukataa mgawanyo huo. Hawakuwa wote jamaa za Thuku, lakini walisimama pale kana kwamba ni wa kwao.

Sasa tuiangalie Kigogo. Majoka, mtawala wa Sagamoyo, amelifunga soko la Chapakazi ambalo raia wanalitegemea kwa riziki. Tunu na Sudi wanaongoza upinzani. Katikati ya mgogoro huo, Ashua, mkewe Sudi, anatiwa korokoroni. Kuzuiliwa kwake ni chambo: Sudi ni mchongaji, na Majoka anataka amchongee kinyago cha kuutukuza utawala wake. Sudi anakataa. Ashua, aliyechoka na umaskini na mateso, anamwomba mumewe talaka.

Hapa ndipo mwandishi alipoonyesha ujuzi mkubwa. Ameiona mbinu ya mtawala kwa macho makali. Majoka hakumshika Ashua kwa kuwa anamwogopa. Amemshika ili suala la umma liingizwe chumbani mwa mume na mke, likawe ugomvi wa ndoa. Wahakiki wanaomlaumu Ashua kwa udhaifu wake wanakosea. Hakuna mwanadamu anayepaswa kuwa jiwe ili tamthilia ipate shujaa, na ombi lake la talaka ni ushahidi wa kweli wa bei ambayo korokoro humtoza aliye ndani.

Lakini papo hapo pana pengo. Mtego wa kuigeuza kesi kuwa msiba wa nyumba moja umemnasa Majoka na, kwa kiasi fulani, umeinasa tamthilia yenyewe. Wanaohangaika kwa ajili ya Ashua ni wachache: mumewe na mwenzao Tunu. Ashua mwenyewe alikuwa akiuza sokoni, na soko ni jamii. Wako wapi waliouza naye bega kwa bega? Nani anawatazama watoto wake? Nani amempelekea chakula? Umati wa Sagamoyo upo, nao utatokea kwa wingi mwishoni, kwenye lango la soko. Mlangoni pa korokoro hatuuoni.

Huenda msomaji akaona kwamba tunamdai mwandishi tamthilia nyingine ambayo hakukusudia kuiandika. Sivyo. Pengo tunalolitaja linaigusa fani, si maudhui peke yake. Kilele cha Kigogo kinamtegemea Kingi, polisi anayeitumikia serikali ya Majoka. Anapoamriwa kuwafyatulia watu risasi, anakataa. Kitendo hiki ni kikubwa, lakini kinatujia kwa ghafla, kama rehema iliyotoka kwa mtu mmoja. Laiti tungaliwaona raia wakija siku baada ya siku mlangoni pa mahabusu, wakiuliza habari za Ashua, wakimtazama Kingi usoni na kumwita kwa jina lake, tungalielewa jinsi askari anavyofundishwa polepole kuona kuwa aliye mbele yake si adui. Kukataa kwake kungalikuwa tunda la mshikamano. Kama mambo yalivyo, ushindi wa umma umewekwa mikononi mwa dhamiri ya askari mmoja.

Kwamba jambo hili linawezekana jukwaani, tunao ushahidi. Katika Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo ya mwaka 1976, mshtakiwa yuko kizimbani, lakini njama yote ya mchezo inaendeshwa na walio nje. Mwanamke, mvulana na msichana wanajaribu kumfikia mfungwa, na chombo chao ni mkate uliofichwa bastola. Hatulazimiki kuitukuza bastola ili tuuone uzito wa mkate. Chakula apelekewacho mfungwa ndiyo lugha ya kwanza ya mshikamano, na waandishi hao waliifanya kuwa uti wa mgongo wa mchezo mzima.

Suala hili si la wahakiki peke yao. Kigogo ilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya kuanzia mwaka 2018 hadi 2022. Wengi walioisoma darasani walikuwa vijana wakati wa maandamano ya miaka ya 2024 na 2025. Walimu wao waliwauliza maswali tuliyowazoeza sisi katika vyuo vikuu: taja sifa za Tunu, eleza umuhimu wa Sudi, jadili uongozi mbaya wa Majoka. Sijapata kuona swali la mtihani lililouliza ni nani aliyempelekea Ashua chakula. Hata hivyo vijana hao, waliposikia kwamba wenzao wameshikwa, walijua la kufanya bila ya kufunzwa nasi.

Inatupasa basi tuwafuate. Tunapoihakiki kazi yoyote yenye mtu aliyekamatwa, tusiishie kuzipima sifa za aliye ndani. Tuwahesabu pia walio nje: wangapi wamekuja, wamebeba nini, na wamekaa muda gani. Mwandishi aliyewasahau tumkumbushe, na aliyewakumbuka tumpe sifa yake. Lugha yenyewe ilikwisha kutuonyesha njia ilipoyatoa maneno hayo mawili katika mzizi mmoja.