Mwendokasi: kwa nini njia ilipita katikati

Saa moja asubuhi pale Manzese, daladala imeziba njia ya pembeni, konda anagonga bodi huku abiria wa mwisho akisubiri chenji. Katikati ya Barabara ya Morogoro basi la mwendokasi limeshafika kituoni. Sakafu yake inalingana na sakafu ya kituo, kwa hiyo hakuna ngazi ya kupanda, na nauli ililipwa getini.

Awamu ya kwanza ya mradi wa mwendokasi wa Dar es Salaam, kama kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Njia za basi ziliwekwa katikati kwa sababu pembeni kuna wenyewe: bajaji hugeuzia huko, wenye maduka hushushia mizigo, bodaboda hungojea wateja. Njia ya basi ikichorwa huko kwa rangi tu, haitachukua muda kugeuka maegesho. Kuwa katikati ndiyo sababu pia mabasi haya yana milango upande wa kulia.

Uamuzi mzito zaidi wengi hawauoni: kwenye vituo, njia ya basi hupanuka ili basi moja lipite jingine. Hesabu yake ni nyepesi. Kila basi likikaa nusu dakika, sehemu moja ya kusimama haiwezi kupitisha zaidi ya mabasi 120 kwa saa, tena iwapo hakuna sekunde inayopotea kati ya moja kutoka na jingine kuingia. Ukiongeza taa nyekundu na abiria anayeng'ang'ania mlango, idadi inaporomoka. Pakiwa na nafasi ya kupita, basi la moja kwa moja halifungwi nyuma ya lile la kila kituo.

Mpango huu una bei yake. Kila anayepanda lazima avuke nusu ya barabara, wakati wa kwenda na wa kurudi. Kivuko cha pundamilia kisichoheshimiwa na madereva hapo ni kasoro ya mfumo mzima. Na njia ikiwa tupu huku abiria wamejaa kituoni, kosa si la lami wala zege. Mabasi ni machache.

Jiji lilitunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, na lilistahili. Lakini karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, mahali ambapo mto hufurika mvua za masika zikikolea. Maji yameingia humo zaidi ya mara moja, mabasi yakaharibika, na barabara yenyewe ikafungwa. Hilo lilikuwa kosa la kuonekana mapema, kwani bonde halikuanza kufurika juzi. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusisha daraja jipya la Jangwani na kuihamishia karakana Ubungo Maziwa.