Mganga wa Karema: Elimu Mpya katika Neno la Kale

Maisha ya Adrian Atiman, aliyoyasimulia mwenyewe katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946, husomwa kwa wepesi kama habari ya mtumwa aliyekombolewa. Mtoto huyo alitekwa upande wa Mto Niger, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, alikotibu na kufundisha dini hadi kufariki kwake mwaka 1956. Usomaji huo si wa makosa, lakini waliacha jambo lililo zito zaidi.

Utabibu wa Malta ulikuwa mjukuu wa Vesalius, aliyechapisha elimu ya viungo vya mwili mwaka 1543, na wa Harvey, aliyeeleza mzunguko wa damu mwaka 1628. Huko Ulaya elimu mpya iligongana na Kanisa, na Galileo alihukumiwa Roma mwaka 1633. Karema haikuletewa ugomvi huo: elimu na dini zilifika zimo katika mtu mmoja, katekista aliye tabibu.

Je, hiyo ni ishara kwamba hapakuwa na mageuzi? La. Mganga wa kale naye aliutibu mwili na kuinenea mizimu. Kwa hiyo umbo la kazi ya Atiman halikuwa geni. Kilichokuwa kigeni ni kuutafuta ugonjwa ndani ya mwili wenyewe, penye ushahidi wa jicho na mkono, ambapo kosa laweza kuonyeshwa. Kuungana kwa kazi mbili katika mtu mmoja kuliifunika tofauti hiyo.

Lugha nayo imeifunika. Kashaulili, mjini Mpanda, kama kwingineko nchini, "dawa" ni kidonge cha hospitali na pia ni hirizi. Na Serikali yamwita tabibu wake mkubwa "Mganga Mkuu", huku mwingine akiitwa "mganga wa kienyeji". Wako wanaoona huo kuwa umaskini wa Kiswahili. Hukumu hiyo ni ya haraka. Neno la kale ndilo lililoipa elimu mpya mlango wa kuingilia. Lakini mlango si nyumba. Wanaosanifu istilahi wasilifute neno, bali walitenge kwa sifa, ili mgonjwa ajue ni ushahidi gani anaopewa pamoja na dawa.