Upweke wa Usiku

Mmarekani Kent Haruf aliiandika riwaya ya Our Souls at Night akiwa mgonjwa. Alifariki 2014, nayo ikachapishwa 2015. Addie, mjane wa miaka sabini, anamwendea jirani yake Louis, mgane, na kumwomba awe anakuja kwake usiku walale wakizungumza, basi. Mji wao mdogo wa Holt unaanza kusema.

Wapendwa, tumeifurahia. Tungependa waoane kwanza, hilo hatulifichi. Lakini kinachouma si maneno ya majirani. Ni Gene, mwana wa Addie, anayemtishia mama yake kwamba atamkatia mawasiliano na mjukuu. Akina Gene tunao hapa Mzinga: mama mjane akitaja kuolewa, watoto huuliza kiwanja kitabaki kwa nani, wala hawaulizi usiku anazungumza na nani. Boazi naye hakuwa kijana, na Ruthu alikuwa mjane. Harusi yao tunaihubiri kwa furaha.

Addie anamtii mwanawe na kuhama. Mwishoni anampigia Louis simu kwa siri usiku, nao wanaongea gizani, kila mmoja kitandani kwake.