Maji ya Wapi?

Fundi hakugusa feni wala hakupapasa mipira. Aliinama, akatazama mfuniko wa rejeta, akaniuliza, "Ulikuwa unatia maji ya wapi?"

"Ya bomba, mzee."

"Bomba la wapi, mwanangu?"

"La Dodoma."

Akaitikia kwa kichwa, akamtuma kijana wake alete beseni.

Gari lilikuwa limechemsha Gairo, kwenye kilima. Nilikaa kando ya barabara nikisubiri lipoe, nikaongeza maji ya dumu, kisha nikalileta polepole hadi Morogoro, jicho moja barabarani na jingine kwenye mshale wa joto. Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati chini ya mwembe. Mwaka mmoja na ushee kabla ya siku ile, gereji nyingine ilikuwa imenishauri nisitupe pesa kwenye kulanti, ile dawa ya rejeta: nchi yetu haina barafu, na maji ni maji. Niliamini. Kila asubuhi nikawa nafungua mfuniko, naona yamepungua, naongeza.

Mtu wa Dodoma hahitaji kufundishwa kemia ili ajue kwamba maji hayafanani. Mengi ya mji ule hutoka visima vya Makutupora. Yamekaa ardhini muda mrefu, yakalamba mawe, yakapanda juu na madini yake. Chemshia birika wiki chache uone ukoko mweupe ulivyoota chini. Unguja nako vivyo hivyo, maana maji yamechuja kwenye mawe ya matumbawe ambayo ni chokaa. Mwanza wanakunywa maji ya Ziwa Viktoria, mepesi zaidi, na Morogoro yanateremka kutoka milima ya Uluguru: masika huja na tope, lakini chokaa yake ni kidogo. Fundi yule alikuwa anauliza gari langu limekunywa mawe gani.

Chokaa iliyoyeyuka haionekani. Maji yakipata moto, hewa ya ukaa iliyokuwa imeishikilia huondoka, nayo chokaa hugeuka jiwe na kuganda pale penye moto zaidi. Ndani ya injini, penye moto zaidi ni kuta za silinda na hedi, yaani pale pale maji yanapotakiwa kuchukua joto. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 50 kuliko ukoko huo. Utando mwembamba ukishajijenga, chuma kinaungua huku maji yanapita jirani yake bila kukisaidia.

Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonifungua macho. Chukua maji magumu yenye miligramu 300 za chokaa kwa lita. Mfumo wa gari dogo unabeba kama lita sita. Ukijaza mara moja ukafunga, chokaa iliyoingia haifiki gramu mbili. Hiyo haiui injini. Lakini mfuniko wangu ulikuwa na mpira uliopasuka. Haukushika presha, mvuke ukawa unatoroka kila siku, na mvuke hauondoki na chokaa, unaiacha nyuma. Nusu lita kila asubuhi kwa mwaka ni lita zaidi ya 180, na chokaa zaidi ya gramu 50. Nilikuwa napika chumvi kama wanavyofanya watu wa pwani kwenye mabwawa yao, ila mimi nilikuwa naipikia ndani ya injini.

Kabla hajashika spana, fundi alifanya jambo ambalo sijalisahau. Alichukua kioo cha pembeni cha gari bovu, akakilaza juani juu ya pipa. Kwa bomba la sindano akadondosha tone la maji ya dumu langu, pembeni yake tone la bomba la pale Morogoro, na la tatu kutoka kwenye chupa ya maji ya betri. "Yaache," alisema, "tuendelee na kazi."

Rejeta ya gari lile ilikuwa ya kizamani, ya shaba. Alipofungua koki ya chini maji yalitoka na rangi ya tofali. Akaishusha, akaifunga kwenye jiliwa, akapitisha moto wa gesi kwenye mshono wa tangi la juu. Sikuwa nimewahi kutazama lehemu ikiyeyuka kwa karibu hivyo: kwanza ni kijivu, imechoka, kisha ghafla inang'aa kama zebaki na kukimbia. Mkono wake ulikuwa unatembea na moto, haukai mahali, kwa sababu shaba ikizidi joto mishono ya jirani nayo inaachia. Tangi likainuka. Chini yake kulikuwa na safu za midomo ya mirija, mingine wazi, mingi imezibwa kwa kitu cheupe chenye michirizi ya kutu.

Akatoa ufito bapa wa chuma, mwembamba kuliko wembe wa seremala, akauingiza katika mrija wa kwanza. Hakusukuma kwa nguvu. Alikuwa anauhisi kwa vidole viwili, anarudisha kidogo, anapeleka tena, na upande wa pili unga mweupe unadondoka juu ya gazeti. Mrija ukizibuka anasogea wa pili. Ukuta wa mrija ule ni mwembamba mno. Mwenye haraka anautoboa, na aliyeutoboa ameongeza kazi badala ya kuipunguza. Nilimhesabia hadi arobaini na kitu nikaacha. Yeye hakuacha.

Kazi hii ina ukoo. Wilhelm Maybach, mhandisi Mjerumani, mwaka 1900 alilitengenezea gari la Mercedes la nguvu za farasi 35 rejeta yenye mirija 8,070, kila mmoja mraba wa milimita 6 kwa 6. Hewa ilipita ndani ya mirija na maji yakazunguka nje. Kwa ufundi ule gari likatosheka na lita 9 za maji, nusu ya yale yaliyohitajika kabla yake. Tangu hapo kupoza injini kumekuwa ni sanaa ya njia nyembamba, na njia nyembamba huzibwa na kitu kidogo. Rejeta nyingi za leo ni za alumini zenye matangi ya plastiki. Hazilehemiwi, na ukoko ukizijaa mara nyingi hutupwa. Ndiyo maana leo chaguo la maji lina uzito zaidi kuliko zamani za shaba.

Tuliporudi kwenye kioo matone yalikuwa yamekauka. La dumu langu lilikuwa limeacha duara jeupe. Nililipitishia ukucha nikasikia mkwaruzo. La Morogoro liliacha kivuli hafifu, cha kuonekana ukikigeuza kioo. Mahali pa tone la tatu niliona majani ya mwembe tu.

Maji ya tone hilo ndiyo maji yaliyokenekwa: yamechemshwa, mvuke ukakusanywa na kupozwa, madini yakabaki kwenye chungu. Madukani kwetu yanaitwa maji ya betri, na hapo fundi alinikazia jambo: nisome chupa kabla ya kulipa, kwa sababu kuna muuzaji anayeita kwa jina hilo hilo asidi ya betri. Maji ya kunywa ya chupa nayo si badala yake. Yana madini, na kampuni yenyewe imeyaorodhesha kwenye lebo. Maji ya mvua aliyakubali kwa shida, endapo yamekingwa moja kwa moja kutoka angani baada ya mvua kuosha vumbi, bila kupitia bati. Maji ya kisima chenye chumvi aliyakataa katakata; chumvi inatoboa alumini kama mchwa.

Nilidhani basi nitajaza maji yale matupu nimemaliza. Akanizuia. Maji safi hayaachi ukoko, lakini kutu hayaizuii, kwani hewa iliyomo inatosha kuila injini ya chuma. Kulanti ndiyo yenye dawa za kuzuia kutu. Wengi tunadhani kulanti inapoza kuliko maji, kumbe kwa kubeba joto maji yanaishinda: kilo ya maji inachukua kilojuli 4.2 kwa kila digrii, ethilini glaikoli inachukua kama 2.4. Kazi ya kulanti ni ulinzi, na kusogeza mbele kiwango cha kuchemka. Ile nzito huchanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri. Iliyokwisha kuchanganywa kiwandani haiongezwi kitu.

Kisha akanunua mfuniko mpya, ulioandikwa 0.9, akaniwekea kiganjani kama mtu anayekabidhi ufunguo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ambako maji ya wazi huchemka kwenye digrii 96 hivi. Chini ya mfuniko ule, usawa wa bahari, yanafika karibu 119 ndipo yachemke. Kipande cha bati na springi, bei ya sahani chache za chipsi, kilikuwa kimeniharibia safari.

Injini yenyewe aliisafisha kwa asidi ya ndimu ya unga iliyoyeyushwa, polepole, mara tatu, akimwaga na kusuuza. Kijana wake alipotaja kostiki soda ili wamalize mapema, mzee alimkatalia: hedi ni ya alumini, nayo kostiki inaila alumini. Baada ya kulehemu aliziba midomo ya rejeta, akaizamisha kwenye pipa lililokatwa nusu, akaijaza upepo, akachuchumaa. Alitazama maji yale kimya, muda mrefu kuliko nilivyoona ni lazima. Povu moja dogo likapanda kutoka kwenye kona. Angeweza kulifumbia macho, mimi nisingejua. Aliitoa, akaifuta, akawasha moto upya.

Niliondoka jua limezama. Alichonitoza kilikuwa kidogo kwa kazi ile, na nasema hivyo nikijua thamani ya pesa. Nilimuuliza, nikikwama njiani pasipo na duka, nitie nini. Akasema nitie maji yoyote safi nifike salama, nisiyamimine injini ikiwa ya moto, na nikifika nimwage nijaze upya. Na ukoko wa siku moja, alisema, hana ubishi nao.

Dumu langu la lita tano liko kwenye buti hadi leo, nusu kulanti, nusu maji ya betri. Nimeliandika kwa rangi nyekundu: SI YA KUNYWA. Ethilini glaikoli ni sumu na ni tamu, mtoto akiionja hataitema. Kama unalo dumu kama hilo, liandike leo, na uliweke juu pasipofikiwa na mkono mdogo.