Kona 57: namna ya kumjua dereva wa mlimani

Watu wengi humsifu dereva wa mlimani kwa alivyopanda. Gari limenguruma, tope limeruka hadi kwenye vioo, abiria wamepiga makofi, na jioni habari inasimuliwa kwa mikono miwili. Mimi husubiri ateremke. Gari zima lenye tairi nzuri linaweza kumficha dereva mbovu wakati wa kupanda, maana mlima wenyewe humpunguzia mwendo. Wakati wa kushuka mlima humwongezea mwendo bila kuulizwa, na hapo hakuna kinachomficha.

Barabara ninayoitumia kama mizani ni ile inayotoka Chimala, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, na kupanda hadi Matamba na uwanda wa Kitulo. Wenyeji huiita kwa hesabu ya kona zake: Hamsini na Saba. Chini ni joto la bonde la Usangu na mpunga. Juu, kwenye mita 2,600 hivi, watu wanavaa makoti mchana na mashamba ni ya viazi. Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, na maua yenyewe hupendeza zaidi kati ya Desemba na Aprili, yaani mvua ikiwa imekolea. Anayetaka kuyaona lazima apite kwenye tope. Ngorongoro ni maarufu zaidi, lakini kule magari hushuka kwenye kreta kwa njia ya Seneto na kupanda kwa Lerai, kila upande na njia yake, ukiacha Lemala inayotumika pande zote mbili. Matamba, anayeshuka na gunia la viazi na anayepanda na mtalii wanakutana kona moja. Dereva anapimwa vizuri zaidi hapo.

Anza kumtazama kabla hajawasha gari. Kwenye Land Cruiser za zamani, zile tunazoziita mkonga, magurudumu ya mbele yana vifungo vinavyogeuzwa kwa mkono ili yapokee nguvu ya injini. Dereva anayejua huvigeuza pale Chimala, kwenye ardhi kavu, viatu vikiwa safi. Asiyejua huvikumbuka akiwa kona ya ishirini na kitu, gari limezama hadi ekseli, na sasa anapapasa tope kutafuta kifungo. Mtazame pia anavyozitazama tairi. Wengi huzipiga teke, jambo lisilosema lolote kuhusu tairi. Dereva mzuri huinama, hutazama kuta za ndani ambazo hakuna anayeziona, na huthibitisha kuwa spea ina upepo. Tairi kipara kwenye spea ni kosa kubwa kuliko tairi kipara lililo chini, kwa sababu linaonyesha mtu anayetegemea bahati.

Injini ya mikonga mingi, ile 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo, ni mtihani wa aina yake. Kwenye mita 2,600 shinikizo la hewa limepungua kwa zaidi ya robo, na injini inayovuta hewa yenyewe bila kusukumiwa hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Dereva mgeni hukanyaga mafuta zaidi. Dizeli inaongezeka, hewa haiongezeki, na nyuma ya gari kunatoka moshi mweusi. Moshi huo ni shahidi mzuri kwa aliyekaa kiti cha nyuma: kila unapouona kwa muda mrefu, ujue mtu anaidai injini kitu isichokuwa nacho, wakati alitakiwa kushusha gia moja. Huko juu hata maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, na ndiyo maana maharage ya Kitulo hayana haraka. Mfuniko wa rejeta uliochoka unaweza kuvumilia Dar es Salaam mwaka mzima ukaja kushindwa Matamba asubuhi moja, kwani kazi yake ni kushikilia shinikizo ambalo hewa ya juu haimsaidii mtu kulipata.

Kiini cha ufundi wenyewe kiko kwenye gia, na hasa kwenye wakati wa kuiingiza. Kigingi kidogo kilicho kando ya gia kuu hushusha mwendo na kuzidisha nguvu karibu mara mbili au zaidi. Swali halihusu kama dereva anakitumia. Kila mtu hukitumia akishakwama. Angalia anakitumia wapi. Bingwa husimama juu ya mteremko, pale palipo tambarare, anaingiza gia nzito akiwa ametulia, kisha analiachia gari lijishikilie lenyewe kwa injini. Mguu wake wa kushoto unakaa sakafuni, mbali na klachi. Hili ningelipigia mstari: akikanyaga klachi katikati ya mteremko, injini imeachana na magurudumu, na gari la tani mbili na zaidi limebaki na breki peke yake. Kubadili gia katikati ya mteremko mkali ni dalili kwamba alichelewa kuamua. Inawezekana akafanikiwa, hata mara nyingi. Bado alichelewa.

Pua yako itakusaidia. Harufu ya kuungua wakati wa kupanda mara nyingi ni klachi: dereva anaishikilia nusu ili gari lisirudi nyuma, badala ya kuvuta breki ya mkono na kuanza upya kwa utaratibu. Harufu ya kuungua wakati wa kushuka ni breki. Breki zikipata joto kupita kiasi hupungua kushika, na mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu yakafyonza unyevu yanaweza kuchemka humo humo kwenye mabomba. Pedali inazama na gari halipungui mwendo. Dereva wa kweli hukanyaga breki kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha anaachia ili zipoe. Anayezibana polepole kutoka kona ya kwanza hadi ya mwisho anaonekana mpole, abiria wanasinzia, na kumbe anazipika. Upole wa namna hiyo huwadanganya hata wazoefu.

Sikiliza pia. Gari linaloendeshwa vizuri kwenye mawe halipigi kelele ya chuma. Utasikia tairi zikikanyaga jiwe moja, zikishuka, zikikanyaga lingine. Ukisikia kishindo chini ya chesisi, dereva alitaka kulipita jiwe katikati ya magurudumu. Anayejua hulipandisha tairi juu ya jiwe, maana tairi inaweza kubonyea na giaboksi haiwezi.

Tope lina elimu yake, na hapa mimi huwa mkali. Malori ya Fuso yanayoshusha viazi, magunia yakiwa yamejazwa lumbesa, huacha mifereji miwili mirefu barabarani. Mifereji hiyo imeachana zaidi kuliko magurudumu ya mkonga yalivyoachana, kwa hiyo ukiingiza tairi la kulia kwenye mfereji, la kushoto linapanda tuta, na gari zima linalala upande. Likilala upande wa mlima, sawa. Likilala upande wa genge, abiria wanaanza kusali. Dereva mzuri huchagua mapema: ama anapita juu ya matuta kwa usukani mwepesi, ama anaingia mferejini makusudi upande wa mlima na kukubali kufuata. Mbaya zaidi ni anayeingia kisha akabadili nia. Anakata usukani huku tairi zimebanwa na ukuta wa tope, haoni mabadiliko, anazidi kukata. Mfereji ukiisha, magurudumu yaliyokatwa yanapata ardhi ngumu na gari linaruka kwenda yanakotazama. Kwa hiyo mara kwa mara dereva mwenye akili huchungulia nje ya dirisha aone tairi zake zimeelekea wapi. Ukimwona anafanya hivyo, tulia kwenye kiti chako.

Loki ya difu nayo huheshimiwa kupita kiasi. Huyafanya magurudumu ya pande mbili yazunguke pamoja, jambo zuri ukiwa umenyooka na tairi moja imekosa mshiko. Kwenye kona hulilazimisha gari kwenda mbele wakati usukani unasema kulia. Dereva anayeifunga Chimala na kuifungua Kitulo ananunua ujasiri kwa kutoa usukani.

Sisi tunaendesha kushoto na usukani uko kulia. Genge likiwa upande wa kushoto, dereva hauoni ukingo kabisa. Abiria wa mbele ndiye anayeuona. Sijali cheo cha dereva, wala miaka yake kazini: asiyeweza kusema "Dada, nichungulie hapo, tumebakiza kiasi gani?" hafai kuendesha huko. Wengine hushuka wenyewe, wanakwenda kwa miguu hadi kwenye kona, wanarudi. Abiria wengi huchukulia kushuka huko kama dalili ya woga. Kwangu ni alama ya juu kabisa, hasa akirudi bila maneno na kupita mahali alipopachagua akiwa kwa miguu, bila kusahihisha usukani hata mara moja.

Kuhusu kupishana, kanuni inayofundishwa ni kumpisha anayepanda, kwa sababu akisimama ni shida kuanza tena. Ni kanuni nzuri kwa magari matupu. Lakini Fuso lililojaa viazi linaloshuka lina breki zilizokwisha kupata joto, na kwangu mimi dereva wa mkonga anayepanda akishikilia haki yake mbele ya lori hilo amefeli. Anayejua amekwisha kulisikia kona tatu juu, amejibanza pembeni upande wa mlima na kulingojea. Utingo wa lori kama hilo mtazame kwa heshima: anaruka chini na kabari ya mti kabla gari halijasimama vizuri, na kabari hiyo imeokoa magari mengi kuliko breki ya mkono.

Ukungu ukishuka, na Kitulo hushuka saa yoyote, taa kubwa hurudisha mwanga machoni. Taa ndogo na mwendo wa mtu anayetembea vinatosha. Siwapendi wanaowasha taa za dharura wakiwa wanatembea. Aliye nyuma hajui kama umesimama au unakwenda, na ukitaka kukata kulia huna tena namna ya kumwambia.

Kuna jaribio moja la mwisho ambalo halihitaji ujue lolote kuhusu magari. Gari likishindwa kupanda, likazima katikati ya mwinuko, angalia dereva anafanya nini katika sekunde za mwanzo. Asiyejua hujaribu kugeuza, gari linakaa kimshazari, na kutoka hapo kubingirika ni suala la jiwe moja. Anayejua hukanyaga breki, anaingiza gia ya kurudi nyuma, analishusha gari likiwa limenyooka kwa nguvu ya injini hadi chini kabisa, kisha anazima na kushuka kwenda kutazama. Hana aibu usoni. Na yule anayekwambia tangu Chimala kwamba leo mlima haupandiki, mlipe posho yake ya siku nzima, kisha mwombe namba ya simu kwa ajili ya wiki ijayo.