Kumsifu Fundi wa Sandesh

Fundi wa mithai mjini Kolkata hujulikana kwa sandesh. Kati ya mithai nyingine za Kihindi, gulab jamun ina shira ya kuisitiri, jalebi inabebwa na mafuta ya moto, laddu ina samli na iliki. Sandesh haina pa kujificha. Ni maziwa yaliyokatishwa na sukari, basi, na mkono ukikosea ulimi unajua papo hapo. Sisi wa Afrika Mashariki tumeizoea mithai ya Kihindi zaidi kupitia maduka ya Wagujarati wa Mombasa na Dar es Salaam, na wengi wetu tunaikumbuka kwa utamu unaokwaruza koo. Nausifu ufundi wa Bengal, eneo la Kolkata, kwa sababu naamini ndio ulioielewa sukari vizuri zaidi.

Kazi huanza na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Fundi huyaepua, huyaacha yapoe kidogo, kisha huyatilia maji chachu yaliyobaki kwenye maziwa ya jana, kidogo kidogo, huku akikoroga taratibu. Akimwaga kwa pupa, mabonge hutoka magumu na hayatengenezeki tena. Mabonge hayo, wenyewe huyaita chhana, hufungwa kwenye shashi na kutundikwa yachuje maji.

Kisha huja kukanda, na hapa ndipo fundi anapoonekana. Chhana huwekwa juu ya ubao na kusukumwa mbele kwa kitako cha kiganja, tena na tena, mpaka chembe zote zipotee na kiganja kianze kung'aa kwa mafuta. Hapo huacha. Akizidisha, mafuta hujitenga na sandesh huwa nzito. Akipunguza, mlaji huhisi mchanga mdomoni. Hakuna saa wala mizani ya kumwambia wakati huo umefika. Anaujua kwa ngozi ya mkono wake. Baadaye ni karai, sukari, moto mdogo na mwiko usiopumzika. Norompak, sandesh laini, huepuliwa mapema ingali na unyevu. Karapak hupikwa zaidi hata ikakaza, kisha hukandamizwa kwenye kalibu za mbao zilizochongwa maumbo ya samaki, kombe au embe.

Sukari nyingi huhifadhi, na pia huficha. Maziwa yaliyolala, samli ya zamani, mkono wa haraka: vyote hupita vikizamishwa kwenye shira. Anayekatisha maziwa ya leo na kuuza leo hana la kuficha. Kwa kawaida sukari ya sandesh huwa kama theluthi ya uzito wa chhana, na fundi anayeyaamini maziwa yake anaweza kushuka chini ya hapo. Gharama yake ni muda, maana norompak haingoji. Huliwa siku hiyohiyo, au kesho yake.

Anayechunga uzito wake aitazame hesabu hii. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikiwezekana asilimia 5, yaani kama gramu 25. Sandesh ya gramu 30 hubeba takribani gramu 7. Soda ya mililita 300 hubeba zaidi ya 30, na huisha kabla ulimi haujajua umepewa nini. India yenyewe inaujua uzito wa jambo hili: utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa zaidi ya Wahindi milioni 100 wana kisukari. Mwenye kisukari afuate kwanza maneno ya daktari wake. Ila sizipendi mithai zinazoandikwa "bila sukari". Mtu hula nne kwa kuwa ameondolewa hofu, ilhali samli na maziwa mazito yaliyomo hayajapungua hata chembe. Hamu ya kitu kitamu haifi kwa kukaripiwa. Hutulia ikipewa ladha ya kutosha.

Na ladha hiyo hufikia kilele wakati wa baridi. Wagema hupanda mitende mwitu jioni, hutundika vyungu, na huvishusha alfajiri kabla jua halijauchachusha utomvu. Utomvu huo huchemshwa ukawa nolen gur, sukari guru yenye harufu ya moshi. Tusidanganyane: sukari guru nayo ni sukari, na mwili huihesabu vivyo hivyo. Lakini harufu yake ni kubwa kiasi kwamba kidogo chake hujaza kinywa.

Wabengali hawafanyi mzaha na mambo haya. Mwaka 1965, maziwa yalipokuwa haba, serikali ya jimbo la West Bengal ilipiga marufuku mithai ya chhana, na watu walighadhibika kweli. Kuna desturi yao nyingine ambayo ningependa iigwe kila mahali. Kaskazini mwa India mithai huuzwa zaidi kwa kilo, na sanduku likifika nyumbani humwita mtu kila apitapo. Kolkata sandesh huuzwa kwa kipande. Mtu huingia dukani baada ya chakula cha mchana, huchagua moja, huila palepale, huenda zake, na muuzaji hamshangai. Atakayefika huko Januari aombe norompak ya nolen gur, aulize imetengenezwa lini, na akiambiwa jana, arudi kesho asubuhi.